Alamu isiyo na waya: nani apewe namba ya siri, na vihisi viwekwe wapi

Katika maduka ya Lubumbashi, seti za alamu zisizo na waya zimekuwa bidhaa ya kawaida. Boksi moja, na ndani yake sentrali, vihisi viwili vya mlango, kimoja au viwili vya mwendo, king'ora na telekomandi (rimoti) mbili. Muuzaji atakuambia inafungwa kwa nusu saa, na kweli inafungwa. Lakini waulize walioinunua, katika mitaa kuanzia Golf hadi Katuba, utasikia malalamiko yanayofanana: inalia saa nane za usiku na hakuna mtu, majirani wamechoka, mwisho tukaichomoa. Wengine wanasema kitu kisicho na waya ni cha kuchezea tu. Wengine wanailaumu SNEL, shirika la umeme. Mara nyingi kosa haliko ndani ya boksi. Liko kwenye karatasi ambayo ilipaswa kuandikwa kabla ya kwenda dukani, na haikuandikwa.

Karatasi hiyo ina orodha mbili: ya watu wanaoingia katika lupango, yaani uwanja wa nyumba uliozungushiwa ukuta, na ya sehemu ambazo mwizi anaweza kupitia. Ya kwanza inaamua nani apewe uwezo gani juu ya alamu. Ya pili inaamua vihisi vingapi, vya aina gani, na mahali gani hasa.

Tuanze na maneno. Sentrali ndiyo inayoamua: inapokea habari, inaangalia kama alamu imetegwa, kisha inaliza king'ora au inapiga simu. Kihisi hakiamui lolote. Ni kama mtoto aliyewekwa mlangoni na kuambiwa apige kelele akiona kitu, awe ni mwizi, awe ni mjomba. Klavie ni kibao cha kubonyezea namba. Zoni ni jina ambalo sentrali inampa kila kihisi, kwa mfano zoni ya 3, mlango wa jikoni. Na kutega alamu si kuipa umeme. Sentrali inakula umeme mchana na usiku. Kutega ni kuiambia kwamba kuanzia sasa ichukue kelele za vihisi kwa uzito. Kutegua ni kinyume chake.

Chora lupango kwanza

Chukua nyumba ya kawaida: salon (sebule), vyumba vitatu vya kulala, ukumbi mwembamba unaoviunganisha, jiko lenye mlango wa nyuma, depo (ghala), na kijumba cha sentineli (mlinzi) karibu na geti. Chora kwenye karatasi ya daftari, hata kama mistari haijanyooka. Weka alama kwenye kila mlango wa nje, kila dirisha, na kila mahali ambapo mtu anaweza kushuka kutoka juu. Nyumba nyingi za mabati zimeshafunguliwa kupitia juu huku milango yote imefungwa vizuri, kwa hiyo dari ihesabiwe pia.

Kwenye nyumba hiyo utapata milango miwili ya nje, mlango wa depo, madirisha saba au nane, na paa. Hapo wengi wanashtuka, wakidhani kila dirisha linahitaji kihisi. Halihitaji. Dirisha lenye nondo imara na lisilofunguka unaweza kuliacha, kwa sababu kihisi cha mwendo kilicho ndani kitamkuta atakayepita hapo. Kihisi cha mlango kiende penye kufunguka: mlango wa mbele, wa jikoni, wa depo. Kisha kihisi cha mwendo kimoja salon na kimoja kwenye ukumbi, kwa sababu mtu yeyote aliyeingia, hata aliyeshukia darini, lazima apite ukumbi kwenda popote. Vihisi vitano vilivyowekwa kwa akili vinalinda kuliko kumi na viwili vilivyobandikwa ovyo, na betri za kubadilisha zinakuwa chache.

Kihisi cha mlango

Kina vipande viwili. Kikubwa kina redio, betri na kiswichi kidogo kinachovutwa na sumaku. Kidogo ni sumaku yenyewe. Mlango ukifungwa vinakaribiana, ukifunguka vinaachana na kikubwa kinapiga kelele. Kawaida kikubwa hukaa kwenye fremu, sumaku kwenye mlango. Nafasi kati yao isizidi sentimita moja au mbili, na ile alama ndogo ya mstari kwenye vipande vyote viwili ielekeane. Ukikosea upande, mlango uliofungwa utaonekana uko wazi.

Hapa kwetu shida kubwa ni chuma. Milango mingi ya nyuma ni ya bati zito na fremu ya chuma, na chuma kinanyonya nguvu ya sumaku na kuzima sauti ya redio kwa wakati mmoja. Usigandishe kihisi moja kwa moja juu yake. Weka kipande cha ubao au plastiki ngumu cha sentimita moja chini ya kila kipande, ukishike kwa skrubu, si kwa gundi ya karatasi inayokuja ndani ya boksi. Gundi hiyo inaachia kwa joto la Oktoba, sumaku inaanguka usiku, na hapo ndipo king'ora kinalia bila mtu. Geti la lupango ni kisa kingine: linatikiswa na upepo na lina mwanya mkubwa. Kihisi kidogo cha mlango wa ndani hakiliwezi. Kuna aina nzito zilizotengenezwa kwa mageti, zinazovumilia mwanya wa sentimita kadhaa. Ukikosa, liache geti kwa sentineli.

Kihisi cha mwendo kinaona nini hasa

Hapa ndipo imani potofu zilipojaa. Kihisi hiki si kamera. Hakioni sura, hakioni kupitia ukuta, hakioni hata kupitia kioo cha dirisha, kwa sababu kioo cha kawaida kinazuia aina ya joto ambayo kihisi kinaitafuta. Ile lenzi nyeupe ya plastiki inakigawanya chumba katika vipande kama vipande vya feni. Mtu mwenye joto akitoka kipande kimoja na kuingia kingine, joto linabadilika ghafla na kihisi kinashtuka.

Kutokana na hilo mambo mawili yanafuata, na mafundi wengi wanayasahau. La kwanza: kihisi kinamwona vizuri anayekatiza mbele yake, na kinachelewa kumwona anayekijia moja kwa moja. Kwa hiyo usikielekeze kwenye mlango. Kiweke kwenye kona, urefu wa mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, ili atakayeingia alazimike kukatiza mbele yake. Katika salon ya kawaida kona inatosha, maana vihisi vingi vinafika mita 10 hadi 12.

La pili: chochote kinachobadilisha joto haraka kinaweza kukidanganya. Jua la asubuhi linaloingia dirishani na kupiga sakafu. Pazia linalopeperuka juu ya friji. Mbabula (jiko la makaa) uliowashwa jikoni. Mende anayetembea juu ya lenzi, ambaye kwa kihisi ni mkubwa kuliko ng'ombe. Kwa hiyo kisitazame dirisha wala jiko, na mara moja kwa mwezi kifutwe kwa kitambaa kikavu. Tundu la skrubu nyuma yake lizibwe, wadudu wasiingie.

Joto la chumba nalo lina neno. Chini ya mabati yasiyo na dari, mchana wa Septemba na Oktoba, hewa inaweza kukaribia joto la ngozi ya mtu. Hapo tofauti inapungua na kihisi kinakuwa kizito wa kuona. Vihisi vizuri hujirekebisha vyenyewe kufuata joto. Vya bei ya chini havifanyi hivyo. Depo ya mabati matupu ni bora ilindwe kwa kihisi cha mlango.

Mbwa na paka: vihisi vilivyoandikwa kwamba vinavumilia wanyama, mara nyingi hadi kilo 20 au 25, vinadhani mnyama atabaki sakafuni. Paka akipanda mgongoni mwa kiti ameingia kwenye eneo la mtu. Na kihisi cha ndani kikipelekwa barazani kitalia kwa mvua, kwa upepo, kwa kila kitu. Nje kuna vihisi vyake, na bei yake ni nyingine.

Jambo moja linalowapotosha wengi siku ya majaribio: ili kulinda betri, vihisi vingi visivyo na waya vikishapiga kelele mara moja vinalala dakika kama tatu. Ukizunguka salon mara tano ndani ya dakika moja, ya kwanza itafika, nyingine nne hazitafika, na utasema kimekufa. Toka chumbani, subiri dakika nne, ingia tena. Au tafuta kitufe cha majaribio, ambacho kwa kawaida kiko ndani ya kifuniko.

Redio inayopita ukutani

Kihisi na sentrali huzungumza kwa redio. Seti nyingi zinazofika hapa zinatumia megahezi 433 au 868. Seti za soko la Marekani hutumia nyingine, kama 319.5, 345 au 915. Shemeji akikutumia vihisi vizuri kutoka huko, havitasikilizana na sentrali yako, hata vikiwa vipya kabisa. Hata megahezi zikilingana haitoshi: kila kampuni ina lugha yake. Nunua vihisi vya ziada vya kampuni ile ile iliyotengeneza sentrali, na uangalie sentrali inabeba zoni ngapi. Zipo za 8, zipo za 32, zipo za 99.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi, mita 100 au zaidi, umepimwa uwanjani bila kizuizi. Ukuta wa tofali za kuchoma unapunguza kidogo. Zege lenye nondo linapunguza sana. Bati, geti la chuma, friji na tangi la maji vinaweza kukata kabisa. Kwa hiyo sentrali isikae ndani ya kabati la chuma wala nyuma ya friji, ingawa ndiko watu wanakopenda kuificha. Iweke katikati ya nyumba, kwenye ukumbi au chumba cha wazazi, juu kidogo, mbali na mlango wa nje, ili mwizi asiifikie kabla haijapiga simu.

Kabla ya kutoboa ukuta, shika kihisi kwa mkono mahali unapotaka kukifunga, kipige kelele, na mtu mwingine aangalie sentrali. Sentrali nyingine zinaonyesha nguvu ya sauti kwa namba au vijiti. Ikija dhaifu, sogeza kihisi sentimita 20 au 30, au kigeuze kutoka kulala hadi kusimama, ujaribu tena. Mara nyingi hiyo tu inatosha. Jaribu milango yote ikiwa imefungwa, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa usiku.

Je, ni kweli kwamba alamu isiyo na waya inadanganywa kwa urahisi? Inategemea. Seti za bei ya chini hutuma alama ile ile kila siku, na mtu mwenye kifaa kidogo anaweza kuinasa alama ya telekomandi yako na kuirudia. Seti nzuri hubadilisha alama kila mara. Tofauti ya pili ni muhimu zaidi: kihisi kizuri hujitangaza kila baada ya muda, hata kama hakuna kilichotokea, ili sentrali ijue bado kiko hai. Kihisi cha bei ya chini hakijitangazi. Betri ikiisha kinanyamaza, na sentrali itaendelea kuamini mlango umefungwa. Muuzaji asipojua kujibu swali hilo, soma kitabu cha maelekezo mwenyewe kabla ya kulipa.

Kila zoni na tabia yake

Vihisi vyote visifanye kazi kwa mtindo mmoja. Mlango unaoingilia upewe muda wa kusubiri: ukifunguka, sentrali inahesabu sekunde 30 kabla ya kulia, ili uifikie klavie. Pima kwa miguu, tena pima gizani, kwa sababu siku ya delestaji, yaani mgawo wa umeme, utakuwa unapapasa tochi; kama sekunde 30 ni chache weka 40. Mlango wa jikoni na wa depo usiwe na subira. Ukifunguka ulie papo hapo. Kihisi cha ukumbi kinasubiri iwapo tu mlango wa mbele umefunguliwa kwanza. Kikimwona mtu bila mlango kufunguka, maana yake hakupita mlangoni, labda ameshuka kutoka juu, na hapo kilie.

Usiku watu wakiwa ndani, tega kwa hali ya nyumbani: milango inalinda, vihisi vya mwendo vimelala. Familia nyingi hazijui kwamba hali hiyo ipo. Wanatega kila kitu, mtoto anaamka kwenda chooni, mtaa mzima unaamka.

Sasa watu

Orodha ya watu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Seti nyingi hutoka kiwandani na namba kama 1234 au 0000, na kila aliyesoma kitabu chake anaijua. Kuna pia namba ya fundi, inayobadilisha mipangilio ya ndani kabisa. Zote mbili zibadilishwe siku ile ile ya kufunga, fundi akiwa bado yupo, na namba mpya ya fundi ibaki kwa mwenye nyumba.

Baadaye inakuja desturi ya namba moja kwa watu wote. Inaonekana rahisi, hadi siku mtumishi anapoondoka kwa ugomvi. Hapo itabidi ubadilishe namba na uwafundishe wote upya, na wengi wanaahirisha. Sentrali inakubali watumiaji wengi, kila mmoja na namba yake. Faida ni mbili: anayeondoka anafutwa peke yake bila kuwagusa wengine, na kumbukumbu ya sentrali inaonyesha kwamba saa 9:40 alasiri aliyetegua ni mtumiaji wa 4, si "mtu fulani".

Turudi kwenye nyumba yetu ya mfano. Papa na mama wana namba kuu: wanatega, wanategua, wanaongeza na kufuta watu. Wasizidi wawili. Yaya, yaani kaka au dada mkubwa, anayesoma UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na kurudi usiku ana namba ya kawaida: anatega na kutegua, lakini haongezi mtu. Mtumishi anayeanza kazi asubuhi apewe namba inayofanya kazi saa za kazi tu, kwa mfano saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni, siku sita za juma, kama sentrali inakubali ratiba. Mjomba anayetoka Likasi kwa siku tatu apewe namba ya muda, ifutwe akipanda gari. Andika tarehe ya kuifuta kwenye karatasi, maana hakuna atakayekumbuka.

Na sentineli? Wengi wanampa namba kamili kwa sababu ndiye anayekuwepo daima. Mimi ningempa kitufe cha dharura peke yake, kile cha mfukoni kinacholiza king'ora wakati wowote, alamu iwe imetegwa au haijategwa. Si suala la kumtilia shaka. Sentineli ndiye wa kwanza kukamatwa wezi wakija na silaha, na mtu asiyejua namba hawezi kulazimishwa kuitaja. Wezi wa mtaa wakijua hivyo, anakuwa salama zaidi. Depo ya biashara iliyo ndani ya lupango inaweza kutengwa kuwa sehemu ya pili kwenye sentrali, itegwe peke yake wakati nyumba iko wazi, na mfanyakazi wa duka ajue namba ya sehemu hiyo tu.

Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000. Inatosha, kama sentrali inafunga klavie baada ya kukosea mara kadhaa. Lakini angalia vitufe vyenyewe: vinne vikiwa vimechakaa na kung'aa kuliko vingine, mwizi amebakiwa na mipangilio 24 tu ya kujaribu. Futa klavie nzima mara kwa mara, na ubadilishe namba kabla vitufe havijaonyesha njia. Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto na mwisho wa namba ya simu visitumike.

Sentrali nyingi zina pia namba ya kulazimishwa. Ukishikiwa silaha unaibonyeza, alamu inateguka kama kawaida, huku ujumbe ukienda kimya kimya kwa watu uliowapanga. Ni nzuri, kwa sharti moja: wapokeaji wawe wamekubaliana mapema watafanya nini. Shemeji akiupata ujumbe halafu akapiga simu nyumbani kuuliza "Papa, kuna nini huko?", amewaambia wezi kila kitu. Kama hamjakaa na kupanga, iacheni.

Umeme na kadi SIM

Delestaji haizimi alamu papo hapo, maana sentrali ina betri ndani. Hesabu ni rahisi: betri ya volti 12 na saa za ampea 7, sentrali na klavie zikila ampea 0.2, inatoa saa 35 kwenye karatasi. Ikizeeka igawe kwa mbili. Kinachosahaulika ni kujaza: chaja ya ndani mara nyingi ni ndogo, kama ampea 0.35, na inahitaji takriban saa 20 kuijaza betri tupu. Mtaa unaopata umeme saa sita kwa siku hautaijaza kamwe. Hapo unganisha sentrali na betri ya sola ya nyumba kama ipo, na upande wa SNEL uweke regilateri, kifaa cha kutuliza umeme, hasa wakati wa mvua na radi kuanzia Novemba.

Alamu inayopiga simu haihitaji intaneti. Inahitaji kadi SIM yenye yunite (salio). Kabla ya kuiingiza, iweke kwenye simu yako, ondoa PIN, futa ujumbe uliojaa, piga simu moja kuhakikisha inafanya kazi. Chagua mtandao unaoshika vizuri pale ukutani ambapo sentrali itakaa, uwe Vodacom, Airtel au Orange. Namba za kupigiwa ziandikwe kamili, kuanzia +243. Wa kwanza awe mtu anayelala karibu na anayeweza kufika, si ndugu aliye Kinshasa. Kadi isiyopiga simu kwa miezi hufungwa na mtandao, kwa hiyo iache ipige kila mwezi siku ya majaribio.

Majaribio yafanyike mchana, majirani na shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) wakiwa wameambiwa. Tega, subiri muda wa kutoka uishe, fungua mlango mmoja, hakikisha king'ora kimelia na simu zote zimeita, tegua. Rudia kwa kila zoni. Kisha chomoa sentrali kwenye umeme, uiache saa nne juu ya betri, ujaribu tena mlango mmoja. Mwisho fungua kila kihisi na uandike kwa kalamu ndani ya kifuniko tarehe ya betri iliyomo. Ya kwanza ikitoa onyo la kuisha, badilisha pia za vihisi vingine vilivyofungwa siku hiyo hiyo, isipokuwa cha depo kinachofunguliwa mara moja kwa juma. Hicho huenda kikadumu mwaka mwingine.